Njuga Ndani ya Ukuta

Dayton, Ohio
8 Januari 2023

Shangazi Verlie,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia kidogo na baridi hii. Huku theluji imefika magotini, gari langu limegoma tangu Alhamisi, naenda kazini kwa miguu. Dada yangu Lorene anakusalimu sana. Watoto wake wamekua mpaka wananituma bila haya: "Denzil, lete ile," "Denzil, sogea." Nimewaacha, nitafanyaje.

Binamu Rondal alipita hapa Krismasi, akanisimulia upya yale mafuriko ya Julai. Anasema maji yalipoingia jikoni kwako uliacha friji, ukaacha paja zima la nguruwe la chumvi, ukaacha hata karatasi za nyumba, ukapanda mlimani umekumbatia kitu ndani ya blanketi la viraka. "Utadhani kajifungua uzeeni!" Tulicheka mpaka tukatoka machozi. Hivi ulibeba nini, Shangazi?

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu baada ya miaka kumi na miwili. Najua jina langu halitajwi mezani kwako. Mwaka 2011 nilisimama mahakamani nikakubali kwamba niliiba fidla ya Mjomba Hobert, mumeo, wiki ile ile tuliyomzika. Nilikuambia neno langu mara moja tu, pale kwenye korido kabla hatujaingia. Hukuniamini, na kwa hali yangu ya siku zile, nikimeza vidonge vya watu kama karanga, hata mimi nisingejiamini. Siandiki kurudia ubishi huo. Yaliyopita si ndwele.

Jambo ni hili. Sheria ya Kentucky siku hizi inaruhusu kosa la daraja langu lifutwe kwenye kumbukumbu. Lazima uwe umemaliza kifungo na masharti yake yote, uwe umelipa fidia mpaka senti ya mwisho, halafu ipite miaka mitano bila kesi mpya. Mimi nilimaliza kulipa Machi 2016. Kwanza polisi wa jimbo wanakupa cheti kwamba unastahili. Ukishakipata unapeleka ombi mahakama ile ile iliyokuhukumu, na mwendesha mashtaka anamwandikia aliyekosewa kumuuliza kama anapinga. Kwenye makaratasi, aliyekosewa ni wewe.

Nasugua sakafu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nataka kusomea uuguzi msaidizi, niwaoshe, niwageuze kitandani, na baadaye niruhusiwe kuwapa dawa zao. Msimamizi wangu, Bi. Pruitt, amenishikia nafasi kwenye darasa la Novemba, lakini mtu mwenye hatia ya wizi hapewi mgonjwa mikononi. Rekodi isipofutwa, nitakufa nimeshika mopu. Sikuombi unitetee. Nakuomba tu usipinge.

Wako,
Denzil


Pawpaw Fork, Kentucky
27 Februari 2023

Denzil,

Marahaba. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na nne Januari. Sitasema posta ilichelewa.

Goti ni lile lile. Kuku wanne walikwenda na maji, waliobaki wamesusa kutaga. Wale vijana wa kujitolea kutoka kanisa la Tennessee walikuja wakang'oa mbao za jikoni zilizoloa, wakanipigilia mpya, nyeupe mno, nakaa humo kama niko hospitali. Maharage yangu yote niliyotunga kwenye uzi na kukausha yalioza. Mzee wa kanisa amekuwa kiziwi kabisa, sasa tunaimba anavyotaka yeye. Daktari amenipa dawa za presha, mbili asubuhi, moja jioni. Naziweka kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli. Ni mazoea tu ya zamani.

Rondal ana mdomo mrefu tangu akiwa mtoto.

Kuhusu jambo lako, sipingi. Wakiniuliza nitaandika hivyo hivyo, sipingi. Lakini usiniandikie tena hilo neno "aliyekosewa". Linanikaa vibaya. Na hivi kwenye hayo makaratasi yao, wanauliza kama mali ilipatikana?

Vaa soksi mbili unapokwenda kazini.

Shangazi yako,
Verlie


Dayton
30 Aprili 2023

Shangazi,

Shikamoo. Lorene amepata mtoto mwingine, wa kike, wamempa jina la Mama. Nilifurahi kwa muda wa siku tatu hivi. Siku ya nne nikapata bahasha ya polisi wa jimbo.

Wamekataa kunipa cheti.

Nilimpigia karani wa mahakama ya kwenu, mama mmoja mpole. Akapekua, akaniambia: "Kaka, wewe ulilipa. Kila mwezi nakuona hapa. Ila hela hazikumfikia mtu." Mahakama ilikuwa inakutumia hundi. Za mwanzo ulizipeleka benki. Kuanzia Septemba 2013 mpaka mwisho, hundi thelathini na moja, hakuna hata moja iliyopelekwa. Zimechina, muda wake umepita. Kwenye vitabu vyao fidia inasomeka haijapokelewa, na kama haijapokelewa basi adhabu yangu haijaisha, na kama haijaisha basi ile miaka mitano haijaanza hata kuhesabiwa. Ikianza leo, nitastahili 2028. Bi. Pruitt hawezi kunishikia nafasi mpaka 2028.

Shangazi, zilipotea? Kama zilipotea sema tu. Au ulizitupa kwa kuwa zimetoka kwangu? Nilikuwa napakia matairi usiku kucha ili zile hundi zitoke. Nilidhani angalau unanunulia makaa. Nimekasirika, samahani, lakini nimekasirika. Ulisema hupingi. Huku ni kupinga kuliko kupinga kwenyewe!

Karani anasema ukienda dirishani kwake ukaandika kwa mkono wako kwamba unaihesabu fidia kuwa imepokelewa yote, watasahihisha tarehe. Ni saini moja tu, nakusihi.

Denzil


Pawpaw Fork
9 Mei 2023

Denzil,

Nimeipata. Hongera kwa mtoto. Mvua haikatiki huku.

Nitakuandikia.

V.


Dayton
1 Juni 2023

Shangazi, shikamoo.

Wiki tatu sasa. Kama kalamu imeisha wino nikutumie nyingine.

Juzi Jumatatu ilikuwa siku ya kupamba makaburi. Sikuja, kama ambavyo sijaja miaka yote. Natumaini mtu alipalilia pale kwa Mjomba.

D.


Pawpaw Fork
11 Juni 2023

Denzil mwanangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu nimalize kuwalisha kuku. Nimeshaharibu nne. Watu wote hawajambo, nyanya zimeanza kushika. Basi, salamu zimekwisha, sina pengine pa kukimbilia.

Hundi zako hazikupotea. Zote thelathini na moja zimo ndani ya Biblia ya Hobert, kwenye Zaburi. Sikuzitupa, na wala si kwa sababu zilitoka kwako. Nilishindwa kuzila.

Unakumbuka masika ile Hobert alipobatizwa kijitoni, mwaka aliokufa. Wazee wa kanisa letu hawataki fidla, wanaiita sanduku la Ibilisi. Akasimama mbele ya watu akasema, "Fidla nimeiweka mbali." Mimi nikajua ameiweka kwenye sanduku lake chini ya kitanda, hata sikuuliza. Tulipomzika nikafungua sanduku nimpe kaka yake. Tupu. Aliyekuwa analala nyumba ile pamoja nasi ni wewe. Nikamwita sherifu kabla chai haijapoa. Nikaapa kwa mkono wangu kwamba umeiba.

Agosti 2013 nilikuwa napigilia msumari ukuta wa jikoni nitundike nyuzi za maharage. Nikagonga, ukuta ukanijibu. Njuga! Chachachacha! Nikasema yarabi, nyoka wa njuga kaingia ukutani. Nikachukua jembe. Nikapasua ubao nikiwa nimepanda juu ya kiti na goti hili, nimuue.

Ilikuwa fidla. Hobert aliifunga kwenye fulana yake, akaipigilia ndani ya ukuta kwa misumari. Kuichoma alishindwa, kuiuza alishindwa, basi akaizika humo bila kuniambia. Na ile njuga ilikuwa mkia wa nyoka aliouingiza mwenyewe ndani ya fidla, kama wapigaji wote wa huku, eti unafukuza panya na kunoa sauti. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiitikisa ukicheka.

Nilikaa sakafuni mpaka mchana. Kisha nikafanya nitakachokuambia sasa. Niliirudisha. Nikarudisha na ubao, misumari minne, nikatundika maharage juu yake. Nilijiambia Denzil ameshatoka jela, ameshaanza kulipa, kuyafukua ni kumwongezea. Uongo mtupu. Niliogopa sherifu atanicheka, niliogopa kanisa, na zaidi nilikuogopa wewe. Kila mwezi hundi ikija, nikawa naifungia kwenye Zaburi na kujiona nafanya toba. Kumbe toba yangu ndiyo imekufunga tena. La kuvunda halina ubani, mwanangu.

Unasema yaliyopita si ndwele. Ni ndwele. Miaka kumi nimelala nayo.

Basi maji yalipoingia niling'oa ule ubao nikaitoa fidla, na ndiyo niliyobeba mlimani siku ya mafuriko. Mwambie Rondal nilijifungua kweli.

Alhamisi nilikwenda kwa karani. Nimesaini kwamba fidia imepokelewa yote kwa tarehe zake. Hilo limekwisha, omba cheti upya. Mwendesha mashtaka akiniandikia nitakwenda kwake na fidla mkononi niseme hukuiba.

Kuna na jambo lingine la siku zile. Sikuliandika hapo juu na silitaji.

Sikuombi kitu.

Verlie


Dayton
16 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Cheti kimetoka, kinasema nastahili, na ombi nimelipeleka tarehe kumi. Mwendesha mashtaka ana siku sitini. Barua yake itakufikia Agosti.

Barua yako niliisoma nikiwa ndani ya gari nje ya kazi, nikashindwa kuingia. Bi. Pruitt akaja kugonga kioo. Nikamwambia ni mzio wa maua.

Nilitaka nikutukane. Nakuambia kweli. Miezi kumi na minne ndani, Mama akafa sijamzika, na wewe unatundika maharage! Niliandika kurasa mbili za matusi ya kwetu sisi watu wa milimani, yale yenyewe. Halafu nikazichana, kwa kuwa najua lile jambo lako lingine ni lipi. Na kama hulijui, utalijua sasa.

Usiende na fidla. Nakuomba. Andika "sipingi", weka saini, nyamaza. Rekodi itafutwa vilevile. Sheria haiulizi kama uliiba kweli, inauliza kama umemaliza adhabu. Acha nifutiwe kama mwizi.

Unajua kwa nini nilikubali kosa? Wakili niliyepewa na serikali anitetee alisema nikubali, baraza la wazee wa mahakama likiona macho yangu litanipa miaka mitano yote ndani. Lakini hiyo siyo sababu. Ningeweza kupigana. Nilikubali kwa sababu Jumamosi ile, siku mbili kabla Mjomba hajafa, nilichukua vidonge vyake vya maumivu juu ya friji. Kumi na viwili, vyote vilivyobaki. Duka la dawa lilikuwa halifunguliwi mpaka Jumatatu. Nilikuwa nyuma ya banda la kuni, Shangazi, nimelegea kama kitambaa, namsikia anavyolia ndani. Mtu aliyechimba makaa miaka thelathini bila kulalamika, anamwita mama yake. Na mimi sikuinuka.

Walipokuja kunikamata nilidhani wamekuja kwa hilo. Wakasema fidla. Nikasema sikuchukua fidla, na ilikuwa kweli. Halafu nikawaza, na lile jingine nani atakushtaki? Hakuna. Basi nikameza la fidla badala yake. Kila mwezi nilipokuwa nalipa, nilikuwa namlipa Mjomba.

Ndiyo maana nataka kazi hii. Kuna mzee chumba cha nane, mapafu yale yale ya mgodini. Dawa yake ikichelewa dakika kumi naangalia saa kila mara, na mimi siruhusiwi hata kumshika mkono.

Ukienda kusema sina hatia utakuwa unadanganya mahakama mara ya pili.

Denzil


Pawpaw Fork
21 Oktoba 2023

Denzil,

Marahaba. Majani yamepukutika yote, nimekaanga matofaa, na kuku wamekumbuka kazi yao. Lorene alinipigia simu kwa Rondal, nikamsikia mtoto akilia. Ana mapafu mazuri.

Nilikwenda.

Najua ulinikataza. Wewe ulikuwa mbishi tangu ukiwa na meno mawili, na ubishi huo umeurithi kwetu. Nilivaa gauni la mazishi, nikabeba fidla ndani ya blanketi la viraka. Mlangoni askari akasema, "Bibi, weka mzigo kwenye mashine." Nikauweka, ukalia chachacha, jamaa akaruka nyuma akashika bastola! "Bibi, una nyoka humo?" Nikamwambia ningekuwa na nyoka ningeshampeleka kwa Rondal.

Mwendesha mashtaka ni msichana wa mtu, hata mvi hana. Alinisikiliza, akafunga mlango, akanisikiliza tena. Kisha akanipeleka kwa jaji. Nikasimama pale pale niliposimama 2011. Nikafungua blanketi, nikasema hii hapa, haikuibwa, ilikuwa ndani ya ukuta wangu, na nimelijua hilo miaka kumi. Nusu ya watu wa kanisani walikuwa kwenye mabenchi wanangojea kesi za mipaka ya mashamba. Walisikia vizuri sana.

Jaji akasema, "Mama, hakuna aliyepinga ombi hili. Ningelisaini hata bila ya haya." Nikamwambia, wewe ungesaini, lakini mimi nisingelala.

Akaandika. Hukumu imetenguliwa na kesi imefutwa. Karani anasema mahakama, polisi na sherifu wote wataliondoa jina lako kwenye vitabu, na mtu akiuliza watasema hakuna kitu kama hicho. Nakala yako nimeiambatanisha. Mpelekee Bi. Pruitt.

Halafu jaji akavua miwani akaniuliza: "Kuna kingine chochote ungependa mahakama ijue kuhusu huyu kijana?"

Nikasema hakuna.

Nilijua, Denzil. Jumamosi ile asubuhi nilipanda kiti kumletea kidonge cha saa tatu, nikakuta chupa tupu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimevihesabu, kumi na viwili. Nilijua kabla hujafika nyuma ya banda. Na sikumwita sherifu siku ile, kwa sababu ningelazimika kusema kwamba mimi ndiye niliyeacha dawa juu ya friji kwenye nyumba yenye mtu mraibu wa vidonge, baada ya nesi kunionya mara mbili nizifungie. Nilimshika Hobert mkono siku mbili, yeye analia na mimi namwambia dawa zinakuja. Nilipokuta lile sanduku la fidla tupu nilishukuru, Mungu anisamehe. Nilipata kitu cha kukushtaki bila kujishtaki. Na hata nilipoiona fidla ukutani nilisema, aah, huyu si msafi hata hivyo, acha alipe. Umesema ulimeza la fidla badala ya lile jingine. Na mimi nilikulisha hivyo hivyo, nikijua.

Sijakusamehe la vidonge. Nimejaribu, bado halijatoka. Na wewe usijitie haraka kunisamehe, nitajua ni adabu tu.

Lakini kaburi la Hobert limejaa magugu na goti haliniruhusu kuinama. Njoo Jumamosi ya kwanza ya Novemba, kabla darasa lako halijaanza. Njoo na mundu, huu wangu maji yaliuchukua. Fidla nimeitundika ukutani jikoni, nje ya mbao, mzee wa kanisa akiuliza nitajifanya kiziwi kama yeye.

Kile kisanduku cha chuma nimempa Rondal aweke misumari. Dawa zangu za presha ziko juu ya friji, mahali pale pale. Utakuwa hapa jioni, na mimi siwezi tena kupanda kiti. Utaniteremshia wewe.

Shangazi yako,
Verlie